Kuchagua tochi ya gesi ya mkononi kwa matengenezo ya boti

Tochi ninayoizungumzia hapa si ya kumulikia. Ni kile kichomeo kidogo cha gesi chenye moto mkali wa buluu, ambacho fundi hukishika mkononi akilehemu, akisinyaza mirija ya plastiki juu ya viungo vya waya, akiyeyusha ncha ya kamba au akilegeza nati iliyoganda kwa kutu. Kwenye karakana ya nchi kavu, karibu tochi yoyote itakufaa. Botini hesabu inabadilika, kwa sababu boti ni bakuli. Gesi inayovuja karakanani hutoka mlangoni. Inayovuja botini huteremka hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kutulia hapo, ikisubiri cheche.

Butani ina uzito wa karibu mara 2 ya hewa, propani mara 1.5. Wala haihitajiki nyingi. Hewa yenye butani asilimia 1.8 tu tayari inaweza kulipuka. Chukua gramu 10, kiasi kinachoingia kwenye tochi ndogo ya mfukoni. Ikivuja yote, inakuwa lita 4 hivi za gesi, na lita hizo 4 zikichanganyika na hewa zinaweza kufanya zaidi ya lita 200 ziwe tayari kuwaka. Hilo ni pipa zima la mafuta, na chini ya sakafu ya boti nyingi ndogo hakuna nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo mimi huchagua tochi kwa maswali mawili. Kazi yangu inataka joto kiasi gani? Na je, kitu hiki kinaweza kuvuja au kuendelea kuwaka bila mimi kujua? Rangi, chapa na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi huja baadaye sana.

Hatua ya 1: Andika kazi utakazofanya kweli

Chukua karatasi, andika kazi za mwaka uliopita, si zile unazodhani siku moja utazifanya. Kwa wenye boti wengi, orodha itakuwa fupi: viungo vya umeme, kamba, na mara mojamoja bolti iliyokataa kufunguka. Bomba la shaba la kulehemu linaweza kuja mara moja kwa miaka kadhaa.

Kwenye umeme, fahamu kwanza kwamba tochi haitakuwa ya kulehemu sana. Kiwango cha umeme wa boti cha ABYC, baraza la Marekani la wajenzi wa boti, kinasema lehemu isiwe kitu pekee kinachoshikilia kiungo cha waya. Sababu yake ni ya kweli kabisa: lehemu hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo mtikisiko wa injini unapoukatia. Waya hubanwa kwa koleo lake, kisha kiungo hufunikwa kwa mrija unaosinyaa, ule wenye gundi ndani. Kazi ya tochi ni huo mrija, na mrija haudai moto mwingi. Plastiki yake husinyaa kwenye nyuzi 100 na kitu za Selsiasi. Kinachohitajika ni hewa moto iliyotulia, ulimi wa moto ulio wazi hautakiwi hapo.

Ukiwa na moto wa wazi tu, fanya hivi. Shika tochi sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye mrija, usiiache itulie hata sekunde moja, anza katikati ya mrija na uelekee mwisho mmoja, kisha rudi katikati uende mwisho wa pili. Ukianzia miisho, unafungia hewa ndani. Tazama pale mrija unapoishia: gundi ikichungulia na kufanya pete ndogo inayong'aa kuzunguka waya, umemaliza. Plastiki ikianza kung'aa kama mafuta au kutoa moshi, umepitiliza, na mrija huo utapasuka baadaye. Ukate, uweke mwingine.

Kamba ni kazi rahisi, ila ujue unachoma nini. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi 255, nailoni kati ya 215 na 265 kutegemea aina yake, polipropilini kwenye 165 hivi. Dyneema huyeyuka mapema, karibu na 150, na ncha yake haishikani vizuri. Hiyo ifunge kwa uzi na sindano, moto uache. Kamba zote hizi zikiyeyuka hudondosha matone yanayoganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Nimeona watu wakizungusha ncha ya nailoni kwa vidole vitupu ili iwe duara. Tumia kitambaa kilicholoa au mgongo wa kijiko.

Nati na bolti ndizo zinazoamua ukubwa wa tochi yako, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Moto hulegeza nati kwa kuipanua kidogo na kuivunja kutu inayoishikilia, basi choma nati, siyo bolti. Kwenye mlingoti wa alumini wenye skrubu za stenlesi, asili iko upande wako: alumini hupanuka zaidi ya stenlesi kwa joto lilelile, kwa uwiano wa 23 kwa 17 hivi. Pasha alumini inayozunguka skrubu, tundu litapanuka kuliko skrubu yenyewe. Lakini alumini haibadiliki rangi kukuonya. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 ikiwa bado inaonekana ya kijivu, na alumini ngumu ya milingoti huanza kupoteza nguvu zake mapema zaidi, mara ikivuka 150 hadi 200. Ninachofanya ni kudondosha tone la maji: likichemka na kukauka papo hapo, naondoa moto, najaribu bisibisi. Lisipofunguka, naacha lipoe, napasha tena. Kupasha na kupoza mara tatu nne hufanya kazi kuliko kuchoma mara moja kwa hasira. Na kipande cha mshumaa kikiguswa kwenye uzi wa nati ya chuma iliyo moto, nta huyeyuka na kunyonywa ndani, ikalainisha pale ambapo mafuta ya kupulizia hayafiki.

Hatua ya 2: Soma gramu kwa saa

Boksi litakuambia nyuzi 1,300 au zaidi. Namba hiyo haikusaidii kuchagua. Moto wa butani na wa propani ukichanganywa vizuri na hewa hukaribiana sana kwa ukali, uwe wa tochi ya kidole au wa mtungi wa fundi bomba. Njiti ya kiberiti ina moto mkali kuliko maji yanayochemka, lakini huwezi kuchemshia sufuria. Kinacholegeza nati ni wingi wa joto linaloingia kuliko lile linalokimbia, na wingi huo unapimwa kwa gesi inayochomwa.

Tafuta kwenye maelezo ni gramu ngapi kwa saa. Kama hazikuandikwa, gawanya uzito wa gesi kwenye tangi kwa muda inaodumu. Tochi yenye gramu 20 inayowaka saa 1 inachoma gramu 20 kwa saa, ambayo ni kama wati 250. Gramu 80 kwa saa ni karibu wati 1,000. Basi:

- Gramu 15 hadi 30 kwa saa: mirija ya kusinyaa, kamba, waya mwembamba, skrubu ndogo. Kazi nyingi za botini zinaishia hapa.
- Gramu 60 hadi 100: nati za kati, vichwa vya waya mnene wa betri, bomba jembamba la shaba.
- Gramu 150 na kuendelea: bolti kubwa, bomba nene. Hii ni ile ya kufungia juu ya mtungi, na nje ya kazi hizo ni hatari zaidi kuliko msaada.

Bomba la shaba lenye maji ndani litamshinda kila mtu. Maji yakiwemo, bomba halipandi sana juu ya nyuzi 100, wakati lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kuanzia 183 na ile isiyo na risasi karibu na 227. Watu hukimbilia kununua tochi kubwa zaidi wakati walichohitaji ni kulimwaga bomba likauke.

Kama orodha yako ina kazi nyingi ndogo na moja kubwa, nunua ndogo, ile kubwa uiazime. Sipendi kuona tochi ya wati 2,000 ikitumika kusinyaza mrija wa waya nyuma ya dashibodi.

Hatua ya 3: Chagua gesi

Tochi za kujazwa hutumia butani. Butani safi huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, kwa hiyo kwenye baridi moto hudhoofika. Hata mahali pa joto, tangi likitumika mfululizo hujipoza lenyewe. Ukiona moto umenywea na tangi limekuwa baridi mkononi, pumzika, lishike kwa viganja. Kulipasha kwa moto mwingine ni marufuku.

Propani hufanya kazi hata kwenye baridi kali, kwani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Gharama yake ni shinikizo. Kwenye nyuzi 20, ndani ya kopo la butani kuna kama bari 2. Ndani ya mtungi wa propani ni zaidi ya bari 8. Ndiyo maana tochi ya butani haijazwi propani kwa hila yoyote ile, hata kama mtu amekuuzia kiunganishi kinachoingia. Tangi lake halikutengenezwa kwa nguvu hiyo.

Tochi za kufungia juu ya kopo zina jambo jingine: uzi wa skrubu. Makopo madogo ya kambi ya kiwango cha EN 417 na mitungi ya mafundi bomba ya mtindo wa Marekani, CGA 600, haziingiliani. Kabla hujalipa, hakikisha kopo linaloingia kwenye tochi hiyo ndilo unaloweza kulipata mahali unaposafiri.

Hatua ya 4: Tazama moto na mdomo wake

Sitahani kuna upepo, kwa hiyo chagua tochi inayochanganya gesi na hewa ndani ya mdomo na kutoa mwale mwembamba wenye msukumo. Moto laini wa manjano huzimwa na upepo mdogo tu, na huacha masizi.

Mwale huo una kasoro moja kubwa: juani hauonekani. Moto wa buluu kwenye mwanga wa mchana ni kama haupo, unausikia tu. Kwa hiyo penda tochi inayonguruma vizuri, na ujifunze kuangalia kwa sikio kwamba imezimika.

Kifaa ninachokipendekeza zaidi kwa mwenye boti ya kawaida ni kile cha kubadilisha vichwa: moto wa wazi, ncha ya kulehemu, na mdomo wa hewa moto wenye kijiko kinachozungusha joto nyuma ya mrija. Kwenye ncha ya kulehemu na mdomo wa hewa, gesi huungua juu ya kichocheo (kipande kinachoifanya iungue bila ulimi) ndani ya kichwa, bila ulimi wa moto kutoka nje. Hiyo inatuliza kazi sana ndani ya kabati lenye waya kumi. Angalia tu tundu la pembeni linalotoa hewa iliyoungua: ni moto kiasi cha kuyeyusha waya wa jirani wakati macho yako yako kwenye ncha. Na usidhani kwa kuwa huoni ulimi, mvuke wa petroli hautawaka. Utawaka.

Hatua ya 5: Kagua swichi kwa mkono mmoja

Mkono wako wa pili botini una kazi ya kukushikilia. Shika tochi dukani kama utakavyoishika ukiwa umejikunja chini ya usukani: je, unaweza kuiwasha, kupunguza moto na kuizima kwa mkono huohuo, ukiwa umevaa glavu?

Nataka mambo mawili hapa. Kwanza, kufuli inayozuia isiwake ikibanwa kwenye sanduku la vifaa, na iwe ya kusukuma kwa makusudi, si ile inayoteleza ikiguswa. Pili, moto uzimike nikiachia kidole. Tochi nyingi zina kitufe cha kufunga moto uendelee kuwaka wenyewe, na mezani ni raha. Botini, wimbi la chombo kinachopita linatosha kuidondosha, ikaviringika ikiwaka hadi usikoona. Kwa tochi ndogo, kitufe hicho sikitumii kabisa. Na usiweke tochi chini ikiwa inawaka, hata kama ina kitako kipana. Zima, weka, washa tena.

Igeuze pia kichwa chini kwa sekunde chache ikiwa inawaka, ukiwa nje, mahali wazi na mkono umeunyoosha. Tochi dhaifu hupitisha gesi ya majimaji na kurusha moto mkubwa wa manjano. Chini ya sakafu ya boti utailaza na kuigeuza kila upande, kwa hiyo ile inayorusha moto hivyo iache.

Hatua ya 6: Fikiria chumvi

Kiwashio cha kubofya ndicho kitu cha kwanza kufa. Chumvi na unyevu huingia, cheche zinapotea. Hakikisha tochi inaweza kuwashwa kwa kiberiti kutoka nje, na uweke kiberiti kwenye chombo kisichopitisha maji. Mdomo wa brasi au stenlesi hudumu. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa huanza kutoa madoa haraka. Kopo la gesi nalo hula kutu kwenye ukingo wa chini, mahali usipopaangalia. Ukingo ukianza kumenyuka, kopo hilo lishushwe.

Hatua ya 7: Panga mahali pa kujazia, kuhifadhi na kuchomea kabla ya kununua

Kama huna pa kuihifadhi nje ya kabini, nunua ndogo kuliko zote au usinunue. Makopo yake hukaa kwenye sanduku lenye tundu la chini linalotoa gesi nje ya boti, yamesimama wima, mbali na jua; maandishi ya kopo yanakataza joto la zaidi ya nyuzi 50, na sanduku lililofungwa juani hufika huko.

Kujaza ni sitahani, tochi imezimwa na imepoa, na uwe upande wa demani, ule upepo unakoelekea, ili upepo ubebe mabaki baharini. Geuza tochi kichwa chini, kopo juu yake, bonyeza wima. Ukibonyeza kwa pembe, gesi hurushwa vidoleni. Subiri kama dakika 5 kabla ya kuwasha, gesi iliyomwagika itawanyike na ile ya ndani ipate joto.

Siku ya kazi, kagua upande wa pili wa kile unachochoma. Nimejifunza hili vibaya. Nilikuwa sitahani nalegeza bolti ya kishikizo cha kamba, naangalia nati tu, na kila kitu juu kilikuwa safi. Mwenzangu aliyekuwa chini ndiye aliyepiga kelele: bolti ilikuwa imepitisha joto hadi kwenye sponji ya dari ya kabini, ikaanza kufuka moshi mweusi. Ndoo ya maji ilikuwa karibu, tukaumaliza. Tangu hapo sichomi kitu kinachopita kwenye sitaha bila mtu upande wa pili. Faiba yenyewe huanza kulainika kabla joto halijafika nyuzi 100 kwenye resini nyingi, na ikishika moto huwaka kwa nguvu. Karibu nayo weka karatasi ya chuma na kitambaa kilicholoa.

Usichome karibu na betri zinazochajiwa, kwani hutoa haidrojeni inayoweza kuwaka ikifika asilimia 4 ya hewa. Usichome karibu na tangi au mpira wa petroli, wala chuma kilichopakwa zinki bila hewa ya kutosha, kwa kuwa moshi wake huumiza mapafu. Kabini iwe wazi, maana moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Ukinusa gesi chini, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, hata ya pampu ya umeme. Zima kila moto, toa watu, fungua kila mlango, na itoe gesi kwa pampu ya mkono ya ngama. Kazi ikiisha, kaa hapohapo nusu saa hadi saa moja ukigusa na kunusa, kizima moto kikiwa pembeni.

Hatua ya 8: Ipime usiku wa kwanza

Ukishainunua, ijaze, pakaa maji ya sabuni kwenye vali na kwenye shingo ya mdomo. Viputo vikitokea, inavuja. Kisha ikaushe, iweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, andika uzito, na uiache nje, mbali na nyumba na boti, kwa saa 24. Pima tena. Tochi nzuri itasoma uzito uleule. Ikipungua hata gramu moja, irudishe ilikotoka kabla haijapanda botini.